Mwongozo kamili wa kusikiliza sauti za pomboo kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini: tuanzie kwenye ndoo, tumalizie Kizimkazi

Kamwene, ugonile, habari za baridi wadau. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa klabu za shule, mafundi redio na mtu yeyote wa Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Songea anaetaka kujua pomboo wanatoaje sauti chini ya maji, alafu awasikie kwa masikio yake mwenyewe. Najua bahari iko mbali, Mbeya mjini mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, lakini sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika hukuhuku nyumbani, na mtu anaefika pwani akiwa kajiandaa anapata mengi asubuhi moja kuliko alieenda kupiga selfi wiki nzima.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tuelewane. Pomboo ni mnyama wa kusikilizwa. Ukimtazama unaona mgongo sekunde mbili tatu anavuta hewa, kazama, basi, ila kule chini anaitana na wenzake, anatafuta samaki, anagombana, anamlea mtoto, na karibu vyote hivo anavifanya kwa sauti. Boti zinazowakimbiza zinawakimbiza kwasababu abiria hajui kama kuna kitu cha kusikiliza, anataka kuona tu.

Hatua ya 1: Elewa sauti inatokea wapi

Usiiruke hii hatua hata kama una hamu ya kushika waya, maana bila kuielewa utarekodi vitu usivyojua ni nini.

Sisi, ng'ombe, mbuzi, mpaka popo wanaoruka jioni juu ya mapaa, wote tunatumia zoloto iliyopo kooni. Pomboo hatumii. Sauti yake inatengenezwa puani, na pua yake ni lile tundu la juu ya kichwa. Chini kidogo ya hilo tundu kuna jozi mbili za mikunjo ya nyama ambayo wanasayansi wanaiita midomo ya sauti, moja kulia na nyingine kushoto, hewa ikisukumwa kupita hapo kwa nguvu ile mikunjo inatetemeka na kugongana. Vipimo vilivyofanywa kwa pomboo waliofunzwa vimeonyesha jozi ya kulia ndo inapiga vidoko, yaani milio mifupi mikavu kama ulimi ukigongwa, na ya kushoto ndo inapiga miluzi, na hii inakupa jibu la kwanini mnyama mmoja anaweza kupiga mluzi na vidoko kwa wakati uleule.

Kama una wanafunzi fanya hili: jaza puto upepo, shika shingo yake kwa vidole vya mikono miwili uivute iwe bapa, ruhusu hewa itoke kidogokidogo. Italia. Ivute zaidi, sauti inapanda, ilegeze, inashuka. Hapo umeshaelewa midomo ya sauti kwa sehemu kubwa kuliko maelezo ya kurasa tano. Tofauti kubwa ni kwamba hewa ya puto inapotea, ya pomboo inabaki, anayo mifuko midogo ya hewa ndani ya kichwa, hewa ikishapita inaingia humo alafu anairudisha chini aitumie tena, kwahiyo anaweza kuongea muda mrefu bila kutoa povu hata moja. Mara nyingine utaona mapovu yanatoka pamoja na mluzi, ila mara nyingi hamna, na ndo maana huwezi kujua nani kaongea kwa kuangalia tu.

Sauti ikishatoka inapita kwenye bonge la mafuta lililopo kwenye paji la uso, lile linalofanya kichwa kiwe cha mviringo. Mafuta yale sio ya kuhifadhi chakula. Kazi yake ni kuikusanya sauti iende mbele, kwa vidoko vya pomboo aliepimwa sana, yule mwenye pua ya chupa, upana wake ni kama nyuzi 10 tu. Fuvu na ile mifuko ya hewa vinasaidia kuirudisha mbele sauti inayotaka kwenda nyuma. Kwahiyo pomboo akiangalia pembeni huku anapiga vidoko, chombo chako kinaweza kisipate kitu, alafu akigeuza kichwa ghafla unapata mlipuko wa sauti. Liweke hili akilini, litakusaidia mbele kwenye rekodi.

Kupokea je? Matundu ya nje ya masikio yapo lakini ni madogo mno na hayafanyi kazi kubwa. Sauti inaingia zaidi kwenye taya la chini, mfupa wake kwa nyuma ni mwembamba na ndani umejaa mafuta mengine maalum yanayoipeleka mpaka kwenye sikio la ndani. Na mifupa ya sikio haijashikana na fuvu moja kwa moja, imezungukwa na nafasi zenye hewa, kwahiyo anajua sauti imetoka kulia au kushoto. Sisi tukizama ziwani tunasikia injini ya boti inatoka kila upande kwasababu ndani ya maji sauti inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni kama 340, ile tofauti ndogo ya muda kati ya sikio na sikio inakuwa ndogo mno na fuvu zima linatetemeka.

Kabla hatujaenda mbele, neno moja kwa watu wa Iringa. Kati ya wanyama walio hai, ndugu wa karibu zaidi wa pomboo na nyangumi ni kiboko. Wale wale wa Ruaha. Na kiboko akiwa kazama nusu, pua na macho juu, koo chini, anaweza kutoa mlio unaosafiri hewani na majini kwa pamoja, mtafiti William Barklow alilieleza hili vizuri mwaka 2004. Mnyama huyu unaweza kumsikia ukiwa umekaa salama juu ya ukingo hifadhini na askari wa wanyamapori yupo. Kutumbukiza waya mtoni penye viboko au mamba, hapana, usijaribu kabisa.

Hatua ya 2: Zijue sauti tatu

Miluzi. Mingi ya pomboo mwenye pua ya chupa iko kati ya kilohezi 2 na 20, kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde, na sikio la binadamu kijana linafika mpaka kilohezi 20 hivi, kwahiyo miluzi tunaisikia kwa sehemu kubwa. Hii ndo sauti ya kuanzia. Mwaka 1965 Melba na David Caldwell waliandika kwamba kila pomboo waliemsikiliza alikuwa na mluzi wake mmoja anaourudia sana, wenye umbo lake. Baadae ikaja kuonekana kwamba mtoto anautengeneza mluzi wake mwaka wa kwanza wa maisha, na mwaka 2013 Stephanie King na Vincent Janik wakaonyesha kwamba pomboo akichezewa nakala ya mluzi wake mwenyewe anaitikia, akichezewa wa mwingine haitikii hivo. Mwaka huohuo Jason Bruck akaonyesha wanaikumbuka miluzi ya wenzao waliotengana nao zaidi ya miaka 20. Mimi hili linanigusa kuliko mengine yote kwenye somo hili. Mwaka 2023 utafiti wa pomboo wa Sarasota kule Florida, ambako Randall Wells na wenzake wanawafuatilia tangu 1970, ukaonyesha mama akiwa na mtoto wake mluzi wake unapanda juu na kutanuka, yaani anabadilisha namna ya kuongea kwasababu ya mtoto.

Vidoko. Kimoja kinachukua sehemu ndogo sana ya sekunde, chini ya sehemu moja ya elfu, na nguvu yake kubwa inaweza kuwa kwenye kilohezi 120 au 130, mbali kabisa na sikio letu, tunachosikia ni sehemu ya chini tu. Hivi ndo vya kutafutia. Anapiga kidoko, mwangwi unarudi, anajua kuna nini mbele, umbali gani, kinakwenda wapi. Mwaka 1960 Kenneth Norris alimziba pomboo macho kwa vikombe vya mpira na bado akaogelea kati ya vizuizi bila kugonga. Kule Hawaii, Whitlow Au na mwenzake walipima wakaona pomboo anaweza kugundua mpira wa chuma wa kipenyo cha sentimita 7.62 ukiwa mita 113. Akikaribia samaki anavipiga vidoko haraka zaidi na zaidi mpaka mamia kwa sekunde, hapo sikio linaacha kuvitenganisha, linasikia mkwaruzo mmoja mrefu.

Sauti za kufoka. Hizi nazo ni vidoko vilivyobanana, ila zinatumika kwa wenzao, kwenye ugomvi, kwenye kuchezana, mama kumkaripia mtoto. Zipo nyingi na hazijapangwa vizuri kama miluzi, kwa mtu anaeanza azitambue tu zinapotokea aendelee.

Kuna video zinazunguka zinasema akili bandia imeshatafsiri lugha ya pomboo. Haijatafsiri. Aprili 2025 Google walitangaza programu inaitwa DolphinGemma, wameifunza kwa rekodi za Wild Dolphin Project, mradi wa Denise Herzing unaofuatilia pomboo wa Bahama tangu 1985, inatafuta mpangilio wa sauti na kukisia sauti gani itafuata. Ni kazi nzuri sana. Kamusi ya pomboo bado hamna.

Hatua ya 3: Zoeza jicho na sikio

Pakua programu ya Audacity kwenye kompyuta, ni bure. Alafu ingia kwenye hazina ya sauti za wanyama wa baharini ya William Watkins iliyopo taasisi ya Woods Hole ya Marekani, nayo ni bure, chagua pomboo mwenye pua ya chupa na pomboo msokotaji, pakua sauti kumi kumi. Kama bando linasumbua fanya kazi hii usiku au tumia intaneti ya shule.

Fungua faili, badilisha muonekano uwe spektrogramu, juu weka kilohezi 22, dirisha weka 1024. Sasa unaiona sauti: kushoto kwenda kulia ni muda, chini kwenda juu ni wembamba wa sauti. Mluzi ni mstari unaopinda. Vidoko ni mistari iliyosimama wima. Injini ya boti ni mikanda iliyolala chini.

Chukua karatasi na penseli, chora kila mluzi unaouona kwa umbo lake tu, unapanda, unashuka, unapanda unashuka unapanda, unakatika katikati. Kama mko klabuni wape watu watatu faili moja kila mtu achore peke yake bila kuchungulia kwa mwenzake, alafu mlinganishe. Mahali mnapotofautiana ndo mahali pa kusikiliza tena. Usimsahihishe mwanafunzi haraka, mwache ajitetee kwanza, wengine wana masikio makali kuliko sisi watu wazima na kwenye kilohezi 15 kwenda juu wanatuzidi kabisa.

Fanya hivi mpaka uwe unasikia mluzi na mkono unachora kabla hujaangalia skrini.

Hatua ya 4: Tengeneza haidrofoni

Haidrofoni ni maiki ya ndani ya maji. Za dukani ni ghali, lakini ya kujifunzia unaweza kuitengeneza na fundi redio wa mtaani kwenu. Unahitaji kisahani cha piezo cha milimita 27, ndo kile kinacholia ndani ya alamu na midoli ya watoto, kipo maduka ya vifaa vya elektroniki, ulizia Mwanjelwa au mjini Iringa, au kitoe kwenye kifaa kilichokufa. Kebo ya maiki yenye wavu wa nje, mita 8 hadi 10. Gundi ya epoksi ya mirija miwili. Rangi ya kucha. Kichupa kidogo cha plastiki laini chenye mfuniko, cha dawa kinafaa. Mafuta ya alizeti, na haya huku kwetu hatuyakosi. Kamba, nati nzito ya chuma, na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Waya wa kati wa kebo unachomelewa kwa risasi kwenye upande mweupe wa kisahani, wavu wa nje unachomelewa kwenye shaba. Mwambie fundi aguse haraka atoe, ule upande mweupe ni kauri, moto ukikaa unaiharibu. Usitumie waya wa kawaida wa spika eti unafanana, utaokota mngurumo wa umeme wa hezi 50 na hautatoka. Paka rangi ya kucha pande zote mbili mara tatu nne, kila mara iache ikauke kabisa, hii ni ya kuzuia unyevu.

Toboa mfuniko, pitisha kebo, ziba kwa epoksi ndani na nje, acha usiku mzima, na baridi hii ya Juni na Julai ya Njombe au Uyole iache hata siku mbili. Jaza mafuta mpaka yamwagike, zamisha kisahani, funga mfuniko huku mafuta yanafurika ili hewa isibaki. Kwenye hili nakazia: povu moja la hewa likigandia juu ya kisahani linaua kazi yote. Sauti ikitoka kwenye maji ikakutana na hewa, karibu yote inarudi ilikotoka, kinachopita ni chini ya sehemu moja ya mia. Mafuta yanapitisha sauti karibu sawa na maji, ndo maana tunayatumia. Geuza kichupa juu chini, ukiona povu linatembea, fungua ujaze tena.

Uzito ufunge kwenye kamba, sio kwenye kebo, na kati ya kamba na kichupa weka ile tyubu ya baiskeli inyumbuke mawimbi yanapoinua boti, bila hivo utarekodi kugugumia kwa kamba tu.

Upande wa juu, kizuri ni rekoda ndogo yenye tundu la maiki ya nje, au laptopu yenye saundi kadi ya USB. Simu nyingi hazikitambui kisahani kama maiki mpaka fundi aweke rezista ya kilo-omu 2.2 kati ya waya na wavu pale kwenye pini, nayo inapunguza sauti nzito za chini, jambo ambalo kwa miluzi halina shida, linakusaidia hata kupunguza kelele za mawimbi.

Mipangilio: rekodi kwa WAV, MP3 achana nayo. Sampuli 44,100 kwa sekunde inakupa mpaka kilohezi 22, inatosha miluzi. Ukipata rekoda ya 96,000 unafika kilohezi 48 na vidoko vinaanza kuonekana vizuri. Zima kile kitu kinachojipandishia sauti chenyewe. Na faili usilitume WhatsApp kama sauti, litabanwa na juu kote kutakatwa, litume kama dokumenti.

Hatua ya 5: Jaribu ndooni, alafu Matema

Ndoo kubwa ya maji au pipa. Zamisha, vaa hedifoni, tikisa funguo ndani ya maji, kwaruza ndoo, dondosha kokoto. Funguo zinatoa sauti mpaka juu kabisa ya uwezo wa sikio, ukifungua spektrogramu ukaona zimejaa mpaka ukomo wa juu, chombo kizima. Zikiishia katikati, tafuta povu la hewa au mchomeleo mbaya.

Baada ya hapo nenda ziwani. Kwa watu wa Mbeya na Rungwe ni kushuka Tukuyu, Ipinda, mpaka Matema. Ziwa Nyasa halina pomboo, ila lina kina, lina boti, lina mvua, lina samaki, na maji yake ni safi. Nenda asubuhi mapema, na epuka Mei mpaka Agosti kama unaweza maana upepo wa kusini unalichafua ziwa. Uliza wenyeji habari za mamba kabla ya kukanyaga maji, hasa karibu na midomo ya mito.

Zoezi la kwanza, kaa dakika kumi bila kufanya kitu, sikiliza tu. Utasikia mawimbi, kasia, boti ya mbali ambayo hewani hata haisikiki. Karibu na miamba, wakati wa kupandana, madume wa wale samaki wadogo wa rangi rangi wa Nyasa wanatoa milio mizito mifupi, ukiwa na bahati na chombo kizuri utaipata.

Zoezi la pili ndo ninalolipenda. Mwenzako asimame mita 150 kutoka kwako na bomba la chuma lililozama nusu, agonge kwa nyundo mara moja. Wewe unarekodi njia mbili kwa pamoja, moja haidrofoni, nyingine maiki ya kawaida. Fungua faili: sauti ya majini imefika sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kugonga, ya hewani imechelewa nyuma yake kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Pima huo mwanya, wanafunzi wakokotoe wenyewe. Mtoto aliefanya hili hatasahau tena kwanini mnyama wa baharini kachagua sauti.

Hatua ya 6: Baharini

Wa Mbeya na Iringa ni basi kwa njia ya Kitonga na Mikumi mpaka Dar, boti mpaka Unguja, alafu daladala mpaka Kizimkazi, kusini kabisa ya kisiwa. Wa Songea wanaweza kushuka Mtwara. Ghuba ya Menai, hapo Kizimkazi, imehifadhiwa tangu 1997, wapo pomboo wenye pua ya chupa wa Bahari ya Hindi na wapo pomboo wenye nundu, hawa wa pili ni wachache na dunia nzima wako hatarini, wanapenda maji mafupi karibu na pwani ambako kuna nyavu za jarife, zile kubwa za kunasa papa na samaki wakubwa. Hesabu zilizofanywa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata wale wa pua ya chupa chini ya 200. Hao ni wachache sana kusumbuliwa na boti kila asubuhi.

Na wanasumbuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha boti za watalii zikiwepo pomboo wa kusini mwa Unguja wanapunguza kupumzika na kukaa pamoja, wanabaki kusafiri tu. Kwahiyo makubaliano na nahodha yafanyike ufukweni, kabla ya kupanda, na kwa heshima, yeye ndo mwenye bahari. Mwambie: Kapteni, tunakulipa muda wako, hatukulipi kwa kuwasogelea, tukiwaona simama mita 100 hivi kwa ubavu wao, usiwakate mbele, zima injini kabisa. Injini isiyo kwenye gia bado inanguruma, utapoteza rekodi. Kama kuna boti zimeshawazunguka, msiende, subirini au tafuteni kundi jingine. Wala msiruke majini. Manahodha wengi ukiwapa hedifoni wasikilize wenyewe wanakuwa upande wako kuanzia dakika ile, wengine wamefanya kazi hiyo miaka mingi hawajawahi kusikia chini kuna nini.

Shusha haidrofoni mita tatu mpaka tano, kwenye maji mafupi isiguse chini. Weka kiwango ili sauti kubwa zisigonge juu, acha nafasi. Rekodi vipande vya dakika 10. Mtu mmoja kazi yake iwe kuongea tu kwenye simu nyingine: saa ngapi, wangapi, wako umbali gani, wanafanya nini, kuna mtoto, kuna boti. Bila hayo maelezo rekodi yako itakuwa nzuri kusikiliza na haina maana kwa mtafiti.

Kitu kitakachokuchanganya ni milipuko midogo midogo isiyokoma na isiyo na mpangilio, iko kila mahali penye matumbawe. Hao ni kamba wadogo, wale viumbe wa baharini jamii ya kaa, wanaofyatua gando moja. Wageni wengi wanadhani ni vidoko vya pomboo. Vidoko vya pomboo vina mwendo, vinakuja kwa safu, mwanya kati ya kimoja na kingine unabadilika polepole, kamba wao hawana mwendo wowote. Na ukisikia mshindo mzito unaotetemesha kila kitu alafu kimya, inaweza kuwa baruti ya wavuvi haramu, mwaka 2015 watafiti walivuta haidrofoni pwani nzima ya Tanzania wakanasa milipuko zaidi ya 300, mingi yake karibu na Dar. Andika saa na mahali, ripoti kwa kamati ya wavuvi ya eneo, usiende kuangalia mwenyewe.

Hatua ya 7: Uchambuzi ukirudi nyumbani

Hapa ndo pa kutuliza akili. Pitia rekodi yote kwenye spektrogramu, chora kila mluzi ulio wazi na andika dakika na sekunde yake. Kutafuta mluzi wa utambulisho, yaani ule ambao kila pomboo anao wake, kuna kanuni inayotumiwa na watafiti, Janik na wenzake waliichapisha 2013: tafuta umbo moja linalorudiwa mara nne au zaidi, na marudio mengi, robo tatu yake, yawe yamefuatana kwa mwanya wa sekunde 1 mpaka 10. Ukipata umbo la namna hiyo una haki ya kusema huu inaelekea ni mluzi wa pomboo mmoja. Mpe namba, sio jina la kuchekesha, mpaka upate ushahidi wa siku nyingine. Maumbo mengine yote yaweke pembeni, sio takataka, hujui tu ya nani.

Kwa vidoko, vuta picha karibu upime mwanya kati ya kidoko na kidoko kwa milisekunde. Pomboo kwa kawaida anasubiri mwangwi urudi, anaongeza kama milisekunde 20 mpaka 45 za kuuchakata, ndo anapiga kingine. Mfano mwanya ni 80. Toa 30, inabaki 50, ndani ya milisekunde 50 sauti inakwenda mita 75 kwenda na kurudi, kwahiyo alikuwa anaangalia kitu kilichopo mpaka mita 37 hivi. Fuata safu hiyohiyo: mwanya ukipungua 80, 60, 40, alafu ukaporomoka mpaka tatu au nne, umemsikia akimkaribia samaki na kumfikia. Safu ikipotea ghafla katikati kumbuka lile la nyuzi 10, huenda kageuza kichwa tu.

Mafaili yape majina yenye tarehe, mahali, saa na namba ya kipande, kila moja na maelezo yake, weka nakala mbili sehemu tofauti. Mlioenda Unguja, nakala nyingine pelekeni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko hapohapo Zanzibar, pitieni kabla ya kupanda boti ya kurudi. Na klabu yenye haidrofoni iliyoshathibitishwa Matema iwaazime wenzao wa mkoa mwingine, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kutoka baharini, ikaushwe kivulini, na mafuta yabadilishwe yakianza kuwa na ukungu.